Zile Video za Waandishi Tulizolipia Wawili

Kwako uliyebakiza safari moja tu ya Kitanga uwe mke wangu,

Jina lako silitaji, na kazi yako nimeibadilisha. Humu utakuwa mwalimu, umetoka mkoa wa mbali, ukapangiwa Kasulu. Waliotujua watajua tu. Naiandika barua hii waziwazi kwa sababu kosa lenyewe nililifanya hadharani, tena kwa kipaza sauti. Kukuomba radhi pembeni kungekuwa kujipendelea.

Kilichonichokoza ni swali. Jamaa yetu yule wa shirika kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwenye kadi ya benki, alipita juzijuzi kibandani kwangu ninapotengeneza redio. "Fundi, wale waandishi wamefanya tena mkutano wao huko ng'ambo. Video wanauza. Nikulipie kama mwaka ule?" Vijana wawili wanaojifunza kuandika walikuwa hapo wakichaji simu, wakadakia: "Eti fundi, zinalipa zile? Thamani yake inafika hela yake?" Nikajifanya natafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi.

Unakumbuka 2013 tulivyochanga? Bei yake ilikuwa bei ya mbuzi, tena mbuzi wa maana, si hawa wa kukohoa. Mimi nilisita. Wewe ukasema, "Mbuzi tutammaliza siku moja. Hawa waandishi tutawala mwaka mzima." Jamaa akalipa, akazipakua kwa mtandao wa ofisini kwao, akatuletea flashi imefungwa kwenye karatasi kama dawa ya minyoo.

Tukawa tunaziangalia jioni kibandani, kompyuta yako juu ya meza yangu ya redio, kamusi katikati. Nusu saa ya kwanza watu walishukuru wafadhili. Kisha mmoja akasema mwandishi atafute chumba tulivu chenye dirisha. Dirisha tulikuwa nalo, linatazamana na mashine ya kusaga. Mwingine akasema andika kila siku. "Hilo hata shangazi angeniambia bure," nikasema, ukanifinya. Nilikuwa naitikia kwa kichwa kabla msemaji hajamaliza sentensi, ili uone Kiingereza changu nilichojifunza redioni kinavyotembea. Uliona. Ulikuwa unasogeza kamusi upande wangu polepole, bila kusema kitu, kama mtu anayemsogezea mgeni chumvi.

Na kuna kitu kilikuwa kizuri, nisiwe mchoyo. Mwandishi mmoja mkubwa alipoteza ukurasa wake pale mbele, akaanza kuutafuta, mikono inatetemeka. Ukasimamisha picha. "Kumbe nao wanaogopa!" Ulifurahi siku nzima kwa ile mikono. Kesho yake ulinisomea kurasa zako za kwanza. Ulisema hakuna mtu mwingine atakayeziona. Walipokatisha kwa mapumziko, video nayo ikakatika, ukasema maneno ya maana kuliko mkutano wote: "Chai yao haijarekodiwa. Labda ndiko wanakoongea yenyewe." Tukachemsha yetu.

Katika chai hizo ndipo uliponieleza lile jambo la utotoni kwako, wewe na mama yako. Hapa sitalisema. Ulilisema ukiangalia kikombe. Ulisema hujawahi kumwambia mtu na kwamba siku moja utaliandika, ukiwa tayari. Nilikuambia, "Kwangu limefika kisimani, halitoki." Maneno mazuri kabisa. Nilikuwa nayajua mengi ya namna hiyo.

Sasa twende kwenye ile Jumapili.

Wasiojua waelewe: mwisho wa wiki nilikuwa mtafsiri wa banda la video la Bosi Shabani, pale sokoni. Filamu ikipigwa, mimi nakaa pembeni na kipaza sauti, naisema kwa Kiswahili. Wachina niliwapa majina ya Kiha, ya huku kwetu, majambazi niliwapa tabia za madalali wa maharage, watu wakaanguka kwa vicheko. Kama sikuelewa, nilitunga. Hakuna aliyewahi kulalamika. Mtafsiri wa banda hahukumiwi kwa ukweli, anahukumiwa kwa ukimya; akinyamaza, wanarusha maganda ya karanga.

Siku hiyo saa nane tulikuwa tupande gari ya Kitanga, nikakutambulishe kwa mama. Nilikuambia nipitie bandani dakika chache tu. Filamu ikagoma, diski imekwaruzika. Banda limejaa, watu wanapiga mabenchi. Bosi Shabani jasho linamtoka: "Weka chochote, fundi! Hata harusi!" Mfukoni nilikuwa na flashi yetu.

Nikaiweka.

"Mbona wamekaa mezani?" mmoja akauliza.

"Wanagawana mali ya wizi," nikasema.

"Mbona hawapigani?"

"Subirini. Huyo mama mwenye miwani ndiye mkuu wao."

Wakacheka. Nikajiona fundi kweli. Kisha yule mama mwenye miwani akasimama kusema, na katikati ya maneno akanyamaza, akavua miwani, akajifuta macho. Ile sehemu mimi na wewe tulikuwa hatujaifikia. Banda likatulia likimsubiri. Mkongo mmoja muuza vitenge kutoka Nyarugusu akaita kutoka nyuma: "Fundi, ule mama iko analia juu ya nini?"

Sikujua. Nikatafuta kichwani kitu cha kuliza watu, na cha karibu kuliko vyote kilikuwa chako.

Nikakisema chote. Nikampa yule mama utoto wako, na mama yako, na maneno yenyewe uliyoyasema, hata yale ya kikombeni. Banda lile halijawahi kunyamaza vile. Hata karanga ziliacha kutafunwa. Na mimi, Mungu aniangalie, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nawaza: kumbe naweza.

Ndipo muuza nyama mmoja aliyekaa mbele akasema kwa sauti, "Mtoto huyo alikuwa shetani."

"Kabisa!" wenzake wakaitikia. "Mimi ningemfukuza nyumbani."

Hapo bado ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ni bure, hakuhitaji kadi ya benki. Lakini watu walinigeukia wakisubiri mtafsiri amalizie, nami nikasogeza kipaza sauti nikasema, "Hata yeye mwenyewe anasema hivyo."

Nilipoinua macho nilikuona mlangoni. Ulikuja kunihimiza, gari inajaza. Mfuko wa doti ya khanga ya kumpelekea mama yangu ulikuwa mkononi mwako.

Nikatoka mbio. Ulinipa ule mfuko taratibu, ukasema, "Umetafsiri vizuri." Kisha, "Mwambie mama nimepata udhuru."

Nilikwenda Kitanga peke yangu. Mama alikuwa amechinja jogoo na kuazima kiti cha jirani kwa ajili yako. "Mkwe yuko wapi?" Nikasema una homa. Akakufungia paja la jogoo kwenye jani la mgomba nikuletee. Nililila njiani, nikiwa nimegeukia dirishani.

Ukahamia Kibondo. Mwaka jana nilifika huko kufuata vipuri, nikakuona sokoni ukichagua samaki wa migebuka. Nilijificha nyuma ya magunia ya maharage, mtu mzima mimi, mpaka mwenye mali akaniuliza kama nanunua au nahesabu. Uliondoka. Nilinunua maharage nisiyoyahitaji.

Baada ya swali la wale vijana, Jumamosi sikufungua kibanda. Nikaiweka flashi kwenye kompyuta ya kuazima, nikachukua kamusi, nikamfuata yule mama neno kwa neno tangu asubuhi, namrudisha nyuma, namrudia. Nilitaka nijue alichokuwa analilia. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeelewa. Alikuwa anawaomba radhi wasikilizaji. Alikuwa na mafua.

Mashine ya kusaga iliwashwa ikazimwa.

Vijana nimewajibu. Nimewaambia video zile si wizi, na si dawa. Ukijua lugha na ukiwa na mtu wa kunywa naye chai zikikatika, mbuzi wako hajapotea. Ukizinunua ili uonekane unajua, utalipa mara ya pili, na hiyo ya pili hakuna anayekupunguzia bei. Jamaa wa shirika nimemwambia asinilipie. Aliuliza pia kwa nini siandiki "ile hadithi ya mtoto" nipeleke kwenye mashindano, maana bandani bado wanaiulizia. Nikamwambia ina mwenyewe.

Jumapili nikaenda bandani kabla ya mpira, nikaomba kipaza sauti. Muuza nyama yupo palepale, ameongezeka tumbo.

"Mnamkumbuka yule mama mwenye miwani?" nikasema. "Hakusema hata neno moja kati ya niliyowaambia. Alikuwa na mafua."

"Na mtoto?" akauliza muuza nyama.

"Mtoto hayumo kwenye video."

"Basi ulitudanganya!"

"Niliwadanganya. Mtoto yupo, nilimchukua kwingine bila ruhusa. Na hakuwa shetani."

"Ila nini?"

"Alikuwa mtoto."

Walinizomea, ndiyo. Bosi Shabani akaninyang'anya kipaza sauti. Kazi kampa mwingine. Lakini muuza nyama alikaa ananiangalia, akasema polepole, si kwa banda, kwa nafsi yake, "Mtoto ni mtoto, bwana." Wenzake wawili wakaitikia. Ndipo mpira ukaanza.

Sikuombi kitu. Nimekueleza tu ili ujue kwamba pale uliposikia lile neno, sasa limesikika jingine, kwa sauti ileile. Kwaheri, na uandike ukiwa tayari.

Ni mimi,
Fundi uliyekaribia kumwita mume
Kasulu