Pini Moja, Gauni Moja na Mashine ya Sumaku

Mpendwa mshauri wa gazeti, naomba msaada, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo unijibu, maana mimi mwenyewe nimeshacheka na tatizo bado liko palepale.

Mimi ni fundi cherehani, nashona pamoja na wifi yangu, dada wa mume wangu, na pale kazini wananiita Bi Kanuni kwa sababu kila kitu kwangu kina utaratibu, mkasi una msumari wake, nyuzi zimepangwa kwa rangi, na ukutani nimebandika maandishi makubwa: USIWEKE PINI MDOMONI. Niliyaandika kwa ajili ya wifi, ambaye nimemsema mbele ya wateja mpaka akanuna.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipata kizunguzungu, na siku moja mkono wa kulia ulikufa ganzi nikiwa nakata kitambaa, mkasi ukaanguka, baada ya muda mfupi mkono ukarudi kama kawaida, nami nikakikagua kitambaa kabla ya kuukagua mkono. Daktari alisikiliza shingo yangu, akakunja uso, akasema nifanyiwe kipimo cha MRI, kile cha mashine ya sumaku, kuangalia mishipa ya damu ya shingo na kichwa, kwa kuwa huenda mshipa mmoja umeanza kuziba na anataka kuuona kabla haujaniletea kiharusi. Kipimo ni Ijumaa hii.

Mshauri, nilijiandaa kama mtu anayekwenda mwezini. Pete niliivua kwa sabuni, nikajishonea gauni la siku hiyo lisilo na zipu wala kishikizo, la kufunga kwa kamba, na kwa kuwa nilisikia mashine inabana na ina kelele, nililala uvunguni mwa kitanda bila kutikisika huku wifi akigonga sufuria kwa mwiko. Mume wangu akafungua mlango.

"Mnafanya nini?"

"Mazoezi ya hospitali, kaka."

"Na mgonjwa yuko wapi?"

"Uvunguni."

Akaufunga mlango taratibu, akaenda zake.

Sasa sikia aibu. Jumanne iliyopita nilikuwa nampima bibi harusi gauni lake kwa mara ya mwisho, wifi ametoka, mikono yangu yote miwili imeshika kiuno cha gauni, nami nikafanya nini? Nikaweka pini mdomoni. Bibi harusi akasema, "Fundi, nibane hapo, bwana asije akadhani kaoa gunia," nikacheka, na nilipomaliza kucheka pini moja haikuwepo. Kooni sikusikia kitu. Alipoondoka nilipitisha sakafuni ile sumaku ninayookotea pini, nikakosa. Usiku nikaandika kwenye shajara yangu, "Leo kazi imekwenda vizuri," yaani hata shajara nimeidanganya.

Kwa hiyo pini iko tumboni mwangu au iko kwenye gauni ambalo mama wa bibi harusi alishalibeba, na harusi ni Jumamosi. Kuna saa naomba iwe tumboni, kwa sababu tumbo langu halijawahi kurudi kwa fundi kulalamika, kisha nakumbuka kwamba ile mashine ni sumaku tupu na najishika kitovu.

Juzi mhudumu wa chumba cha kipimo alinipigia simu kuniuliza kama nina kifaa moyoni, kama nina mimba, kama kuna chuma chochote mwilini au nimewahi kumeza, na wifi alikuwa anapiga pasi pembeni, masikio yamesimama. Nikajibu, "Hakuna, dada, mimi ni mtu mwangalifu sana."

Wifi akadakia, "Tena mno! Asiyeamini aje asome ukutani."

Nikisema ukweli wataahirisha kipimo, wifi atanicheka mpaka tuzeeke, na mama wa bibi harusi atanitangaza mtaa mzima. Nisiposema, naingia kwenye sumaku na pini yangu. Nimefikiria nisingizie mafua nisiende kabisa. Nifanyeje?

Ni mimi, Bi Kanuni.

*

Bi Kanuni,

Nimecheka kama ulivyoagiza, nimemaliza. Hapo kwenye mafua sikucheka.

Pole, dada yangu, hofu hiyo ni nzito kuibeba peke yako. Lakini uliingia uvunguni kufanya mazoezi ya kelele, ukajishonea gauni zima, halafu swali moja lililokuwa na maana ukalijibu uongo kwa sababu mtu alikuwa anapiga pasi! Kelele hazimdhuru mtu, na watakupa vya kuziba masikio na kitufe cha kuwaitia. Chuma ndicho wanachokiogopa wao, na wanakuuliza kwa sababu hawawezi kukiona kwa macho.

Weka gazeti chini, piga simu hospitali sasa hivi. Sema, "Huenda nimemeza pini, na nina mazoea ya kuziweka mdomoni." Usipambe. Yaelekea watakupiga eksirei kwanza. Wakiiona pini, waamue wao kama ni kusubiri au kuitazama mishipa kwa njia isiyotumia sumaku. Hiyo haiitwi kukosa kipimo. Kukosa kipimo ni yale mafua yako. Na tumbo likianza kuuma au ukitapika, nenda hospitali bila kungoja Ijumaa.

Kuhusu mkono, sikiliza vizuri. Ukifa ganzi tena, au mdomo ukienda upande, au maneno yakikwama, nenda saa ileile, hata kama baada ya muda mfupi umekuwa mzima. Kitambaa kibaki mezani. Wakati wa kupiga simu, uliza pia kama utakula asubuhi hiyo na kama watakuchoma sindano ya dawa ya kuonyesha mishipa; kama una tatizo la figo, waambie. Gauni lako la kamba nimelipenda, mradi hukulishona kwa uzi wa kumetameta, maana nyuzi nyingine zina chuma ndani.

Tukija kwa wifi, mwambie mwenyewe leo. Atacheka, na ana haki yake. Huyo ndiye aliyekugongea sufuria, na Ijumaa utahitaji mtu wa kukusindikiza.

Halafu, fundi mzima, sumaku uliipitisha sakafuni, gauni ukaliacha liende! Ichukue, nenda kwa mama wa bibi harusi, mwambie unataka kukagua mishono mara ya mwisho kwa sababu huenda umesahau pini. Fundi anayerudi kabla ya harusi hatangazwi vibaya. Anayetangazwa ni yule ambaye bibi harusi wake ameruka kitini. Anzia kiunoni, upande uliokuwa umeushika. Ukiipata, hospitali bado waambie, kwa sababu hujui ni ngapi umemeza kabla ya hiyo.

Na ukishaichomoa, ukaona mshono pale umeachia unahitaji kurekebishwa, mpe wifi akushikie pini.