Bibi Hakufika Kileleni

Kitangari, Jumanne

Ni mimi niliyemwambia kiongozi wa msafara, kule Kilimanjaro, kwamba Bibi ametapika mara tatu na anaficha. Bibi anadhani kiongozi aligundua mwenyewe.

Alimrudisha tukiwa kambi ya mwisho. Nikashuka naye.

Leo jirani yetu, Mama Zuhura, alimtania. "Shikamoo, Bibi. Kilele ulikisalimia kwa mbali?"

"Marahaba. Mimi nimezeeka nikipanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani. Yule kiongozi alinionea tu."

Kisha akanigeukia. "Si ulikuwepo? Niliumwa mimi?"

"Hapana, Bibi."

Magoti yake hayatampandisha tena. Ningenyamaza, labda angefika. Au tungemshusha kwa machela, au...

Wewe unayesoma hapa, tafadhali, Bibi asijue.