Maiti wa Amerika Aliyezikwa na Viatu

Nassor, kaka yangu,

Ami Seif kapewa ofisi. Nnakwambia hili mwanzo kwa sababu ungecheka mpaka kikohozi kikushike. Tangu aingie Sultani mpya, wanaojua Kiingereza wanatafutwa kama lulu, na ami yetu, ambaye Kiingereza chake chote ni "yesi sa", kajipenyeza humo. Ana meza, ana feni, ana kalamu mbili mfukoni na hajui aziandikie nini.

Mengine yamebadilika pia. Usiku tunatembea Maskati bila ya kandili mkononi, ile amri ya Sultani wa zamani imefutwa. Wenzetu wa Unguja wanashuka kila siku, Kiswahili kimejaa sokoni Matrah. Mama hajambo, ila macho. Na komiki mpya zinaingia na watu wa mafuta. Mashujaa wa siku hizi wana mafua, wanagombana majumbani mwao, wanalia kwa mapenzi. Ungewapenda.

Lakini nimekaa kukuandikia kwa jambo la sanduku lako.

Tulipokimbia Unguja baada ya mapinduzi, mama alibeba dhahabu zake, mimi nguo, na wewe sanduku la komiki, vile vitabu vya katuni walivyokuachia Wamarekani uliokuwa karani wao. Mama akakuuliza, "Mwanangu, tutakula picha?" Ukamjibu, "Tutacheka, mama. Kula Mungu atajaalia." Na kweli. Humu nyumbani mwa Ami Seif, joto na masimango yake yalipotuzidi, ulitukusanya ukumbini alasiri ukatusomea, kila mtu na sauti yake. Kiingereza changu nimekipata hapo, kidole chako kikifuata maneno.

Ukatupa na historia yao. Vijana wawili maskini walimzua shujaa wa mwanzo anayeruka, wakamuuza kwa vijisenti, wenye kampuni wakaneemeka. Kisha daktari mmoja akaandika kitabu kizima kusema komiki zinawaharibu watoto, wakubwa wa serikali wakakaa kitako kuzijadili, wazazi na walimu wakazichoma viwanjani mwa skuli. Wachapishaji wakatetemeka, wakajitungia sheria na kupiga muhuri kwenye jalada kuwa hiki ni safi. Hadithi za kutisha, zile tulizozipenda, zikafa. "Nchi yenye bomu la atomiki," ulisema, "inaogopa mzimu wa karatasi." Sijasikia dharau tamu kama ile.

Katika yote hayo Ami Seif alishika moja tu, kuchoma. Nzi huenda kwenye kidonda. Ulipolala na kifua mwaka jana, akaja uani na kibiriti. "Hata makafiri wenyewe wamezichoma," akasema. "Mashetani haya ndiyo yanayokula mapafu yako." Nyumba ni yake, tungesema nini? Mama alilia. Wewe ukainuka mkekani, ukaegemea ukuta, ukamwambia, "Ami, niwache nisome moja. Kisha choma."

Ukasoma ile ya mchimba makaburi anayeiba viatu vya maiti. Anavivaa kwenda navyo dansini, mpaka siku moja viatu vikakataa kusimama. Vikamtembeza mtaa kwa mtaa huku akipiga makelele, vikamrudisha makaburini, kwenye shimo lililokuwa likimngojea. Ulisoma kwa pumzi za kukatika. Mimi nikawa namwangalia ami. Alikaa, Nassor. Alikaa chini na kibiriti mapajani! "Wanazikwa na viatu?" akauliza. Ukageuza ukurasa, akasogea. "Ehe, kisha?" Ilipomalizika alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akasimama, akazichoma zote, na ile yenyewe akaitia juu.

Angechoma bila ya kusikiliza, ningemwita mjinga nikanyamaza. Lakini alisikiliza, akafurahi, akachoma. Mtu wa namna hiyo sina jina la kumpa. Mwezi haukwisha ukatutoka. Kwenye hitima yako akawaambia watu ulikuwa "kijana wa vitabu vya maana". Nilitoka nje nikatema mate.

Sasa sikiliza. Ijumaa iliyopita kawaalika wakubwa wa ofisini. Wanaume wako majlisi, sisi wanawake nyuma ya pazia tunapakua halwa. Mara namsikia anaanza: "Bibi yangu kule Pemba alikuwa akitusimulia habari ya mchimba makaburi..." Akaisimulia yote! Hata pale ulipoburura sauti, naye akaburura. Mzee mmoja akamkata kwa upole: "Sheikh Seif, huyo maiti wa Pemba kazikwa na viatu? Sanda je?"

Ami akababaika, "Zamani bwana... watu wa zamani..."

Mama alinishika mkono. Nikajitoa. Nikasema kwa sauti, "Maiti yule si wa Pemba, Ami. Ni wa Amerika. Kaka Nassor, Mungu amrehemu, alikusomea uani hapa akiwa mgonjwa, na ilipokwisha ukakichoma kitabu."

Ukumbi mzima ulicheka. Yule mzee akauliza, "Anayesema ni nani?"

"Dada yake marehemu."

"Umesomea wapi?"

"Kanisomesha yeye."

Ami hasemi nami tangu siku hiyo, na nyumba imepata hewa. Yule mzee anashughulika na skuli ya wasichana. Juzi kamletea mama salamu kwamba wanataka mwalimu wa Kiingereza. Nimekubali. Mimi na mama tunahamia Matrah, vyumba viwili, paa linavuja, na hakuna wa kutusimanga.

Lala, kaka. Mungu akupanulie kaburi lako. Ami Seif nitampa mkono siku ya Idi kwa kuwa ni ndugu wa baba, lakini heshima asiingoje. Na nnakuahidi: wasichana wale wataijua hadithi ya mchimba makaburi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na wataijua kwa jina lako.

Dada yako,
Zuwena