Ufunguo Uko Kwenye Debe la Ulezi

Mama Rozina wa redio, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Fortunata, mama yake Zenon, wa hapa Majengo Sumbawanga, sisi hatujambo, baba Zenon hajambo anakusalimu, mama mkwe wangu bibi Bertilla miguu inamsumbua na baridi hii lakini anakula, mkamwana wangu Rhoda hajambo kwa mwili, mjukuu wangu Kristiana ameota meno mawili ya chini anauma kila kitu, kuku wanataga, na Zenon mwenyewe mzima, ila yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu, naomba unisaidie maana darasa la nne ndiyo mwisho wangu na jambo hili limenizidi.

Zenon amenunua gari la fowili, yale ya kupita kwenye tope, la zamani, apeleke mahindi Wampembe na kurudi na samaki, migebuka. Leseni ameipata mwezi wa tano, kabla ya hapo alikuwa mtu wa pikipiki. Ile barabara unaijua, unashuka kutoka huku juu mpaka ziwani, kona juu ya kona, mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Sasa fundi amemwambia gari linyanyuliwe, liwekwe springi ndefu na karia juu ya paa, na Zenon kaleta matairi makubwa yenye kashata nene, yale meno ya kukamata tope, mawili tu, anataka ayafunge nyuma, mbele yabaki yale yale madogo. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona mawili?" Akacheka, "Mama, kwani ng'ombe wa kulima wanapangwaje? Wenye mwili wanakaa nyuma karibu na jembe, wa mbele wanaonyesha njia tu." Maneno hayo kayatoa kwa jirani yetu Masunga, mzee wa ng'ombe, mtu mwema sana, alitulimia shamba bure mwaka baba Zenon alipovunjika mguu, nami nikashindwa kubisha, maana kwetu Namanyere nimeswaga maksai tangu msichana na ndivyo tulivyowafunga.

Lakini moyo wangu unakataa. Jumamosi anashuka na Rhoda na mtoto, kwao Rhoda ni Wampembe, wazazi wake hawajamwona mjukuu.

Sasa nakuambia ambalo hata padri sijamwambia. Ufunguo wa gari nimeuficha mimi, uko kwenye debe la ulezi, chini kabisa, leo siku ya nne. Zenon kapekua nyumba nzima, mwisho kamgeukia mkewe, "Si wewe uliyefua suruali yangu?" Rhoda kaapa, hakuaminiwa, kaenda jalalani kuchakura majivu kwa mikono, na mimi nimekaa pale pale nachambua maharage. Jana Rhoda kaniambia, "Mama, labda kweli nimeupoteza mimi." Ee Mungu wangu, nilitaka ardhi inimeze.

Nikiutoa watafunga yale matairi. Nisipoutoa yule mtoto wa watu anakonda. Isome barua hii hewani, majina usifiche, redio iko jikoni na wote watasikia, labda mdomo wako utasema ninachoshindwa. Nijibu upesi, hata maneno mawili, kabla fundi hajaja Alhamisi kuchonga ufunguo mwingine.

Fortunata, mama Zenon

*

Mama Zenon, milele amina.

Hewani sisomi. Umetaka niungame mimi badala yako, na mdomo wangu una kazi zake. Nimempa kondakta wa basi karatasi hii akuletee mkononi.

Hofu yako ni ya kweli. Nimeendesha gari la parokia miaka kumi na miwili, mteremko wa Wampembe naujua, na mwanao anakosea. Lakini kumwacha Rhoda achakure majivu kwa jambo ulilofanya wewe, hapo umeniudhi, sikufichi.

Tuanze na matairi. Masunga anasema kweli kuhusu ng'ombe, maana jozi ya mbele ina nira yake na ya nyuma ina yake. Gari la fowili siyo hivyo. Ukishaingiza ile gia ya kwenye tope, magurudumu yote manne yako chini ya nira moja. Wewe uliyeswaga maksai, uliwahi kumfunga dume refu na ndama kwenye nira moja? Nira inakaa upande, shingo zinachubuka, mwisho kitu kinavunjika. Kwa Zenon itavunjika giaboksi, tena katikati ya mteremko. Mwambie hivyo hivyo, atakuelewa wewe kuliko ningemwambia mimi. Ayarudishe yale mawili achukue manne, saizi moja, ile iliyoandikwa kwenye kibati cha mlangoni, aina moja, kashata za wastani zinazokubali lami na tope.

Kunyanyua gari akatae. Ulishapita ubavuni mwa kilima na mkokoteni uliojazwa mahindi mpaka juu? Basi unajua unavyotaka kupinduka. Mzigo ulale chini, ndani, paa libaki tupu. Fedha ya urembo aitumie kukagua breki na kununua shokapu mpya. Garini awe na koleo, kamba nene, jeki na kipande cha ubao cha kuikalisha kwenye tope, na pampu, kwa sababu tope likiwa laini anapunguza upepo kidogo, akifika pagumu anajaza. Kwenye mteremko gia nzito, mguu usilale kwenye breki. Jumamosi asishuke. Aende Namanyere na kurudi mpaka mikono izoee, kisha Wampembe ashuke na dereva mzoefu pembeni. Rhoda na mtoto watapanda akishapita pale mara mbili salama.

Sasa wewe. Leo mkikusanyika kula, lete lile debe, mwaga ulezi kwenye ungo mbele ya wote, baba Zenon na bibi wakiwepo. Ufunguo ukitokea, usimpe Zenon. Mwekee Rhoda mkononi, useme, "Niliuficha mimi, nisamehe mwanangu." Yeye ndiye atakayempa mumewe, akishapenda.

Kisha niandikie haraka. Habari za gari zitasubiri. Niambie Rhoda alikaa na ule ufunguo siku ngapi kabla ya kumpa mumewe.