Rili Zilizokufa

Shella, Malindi

Kwa kaka yangu Taib,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Maskati, wewe na wifi yangu Raiya, ambaye kila swala namwombea subira. Sisi huku miili i salama. Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha niandike, maana simu zangu huzipokei tena.

Kazi ya Baba unaijua: kununua rili kuukuu kwa wageni wanaohama, zile ndogo za shaba za kukunjia mshipi wa kuvulia kwa chambo cha manyoya, azitie mafuta, azivulie, kisha awauzie wanaozikusanya. Hakupata kuuza rili asiyoivulia mwenyewe. Na kabla ya kuinunua huiweka sikioni, akaizungusha, akaisikiliza inavyolia.

Mwaka huu akaanza kuzikataa. Mjane mmoja wa Kizungu alimletea rili za marehemu mumewe, nzuri kweli, Baba akamrudishia zote akisema zimekufa. Yule mama aliondoka machozi yakimlengalenga. Kisha Japheth wa Kilifi, mteja wetu wa siku zote, akaleta yake itiwe mafuta tu. Baba akaifungua, akaikereza meno kwa tupa ili ilie zaidi, hata ikaharibika kabisa. Japheth alikuja juu, akasema mzee kachoka na hamwachii kitu chake tena. Baba akabaki kumtazama mdomo.

Alipoondoka nikachukua rili ya Baba mwenyewe, ile aliyovulia kolekole kule Watamu, nikaizungusha karibu na sikio lake. Mimi niliisikia ikilia kama nyenje. Yeye akatikisa kichwa: "Hata hii, Zeina. Hata hii imekufa."

Nilimpeleka hospitali. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linafuata, na dawa hakuna. Amenisihi nisimwambie mtu. Rili zilizobaki amezifunga kwenye kanga ya marehemu Mama, na kuvua haendi tena.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Raiya amenieleza kuwa ulipompigia Baba kumpa habari kwamba mtoto kazaliwa na hakuishi, alikujibu, "Mashaallah, mwanangu, mashaallah," nawe ukakata simu. Kaka, hakukusikia. Alijua tu kwamba siku za Raiya zimetimia, akabahatisha.

Tangu hapo anaamini ana mjukuu. Jirani zetu wote kawapa habari, nao wakaja kumpa hongera. Juzi kanunua kofia ndogo ya kufuma, akaniuliza mbona huleti picha. Nilishika kalamu nimwandikie ukweli, mkono ukakataa. Hasira yako ilikuwa haki, lakini itue sasa. Njoo umwambie mwenyewe, ukae upande wa kulia, kabla nao haujafunga.

Mpe Raiya pole yangu, na umkumbatie kwa niaba yangu. Mungu awape faraja pale maneno yetu yasipofika. Baba nimemwonyesha kwamba nakuandikia, akafurahi mno. Anawasalimu nyote watatu.

Ni mimi mdogo wako,
Zeina