Viatu Chini ya Swichi

Kakamega,
Jumapili.

Kwa dada yangu mpenzi Mwanakombo,

Salamu za Mungu ziwe nanyi nyote hapo Kisauni, tangu Mama hadi huyo mwanao asiyetulia. Je, mguu wa Mama umepungua uvimbe? Anameza dawa, au bado anazificha chini ya mto na kukuambia amemeza? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mbovu, na kwa hiyo nakuomba barua hii usiisome barazani kama zile nyingine. Ingia chumbani, funga mlango, uisome kwanza peke yako.

Huku mvua hunyesha kila alasiri na nguo zangu hazijui kukauka. Mama mwenye nyumba ananilisha obusuma, ndio ugali wao, bonge kubwa kama mto wa kulalia, na nikilibakisha ananuna. Hapo msomee Mama, atacheka. Yanayofuata yanahitaji uketi.

Unajua nilivyohangaika kutafuta atachimenti, yale mafunzo ya kazini. Chuo kilipofungwa kwa ule mgomo tulipoteza mwaka mzima, na kilipofunguliwa tukaambiwa asiyemaliza muda wake kazini na kutiwa sahihi na kiwanda, hahitimu uinjinia. Viwanda vya hapo kwetu vilinijibu kwamba havina choo cha wanawake. Hiki cha huku, cha chakula cha ng'ombe, ndicho pekee kilichonipokea.

Kuna mashine ya kuchanganyia pumba na molasi. Molasi ni ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa, unanata kushinda gundi. Mashine yenyewe ni pipa la chuma linalonizidi kimo, na ndani mna mapanga yanayozunguka. Kila asubuhi, kabla haijawashwa, lazima mtu aingie ndani akwangue. Mtu huyo alikuwa Makokha, mwanamume wa makamo kutoka Butere, mcheshi sana. Ndiye wa kwanza kuniita injinia bila kunikejeli. Wengine walinituma chai.

Makokha aliingia miguu mitupu, kwa kuwa viatu vikinaswa na molasi havitoki. Kabla ya kuingia alivipanga chini ya swichi, ncha zikitazama ukuta.

"Injinia, mimi nawekanga viatu yangu hapa," aliniambia. "Mutu akiona, anajua niko ndani. Hawezi washa."

Nilimuuliza kama hakuna kufuli la kufungia swichi, kama tulivyofundishwa chuoni.

"Kufuri iriharibika kitambo. Turiomba ingine, bado."

Nilimwendea msimamizi wetu kuhusu hilo kufuli. Akanijibu kwamba nimekuja kujifunza, si kufundisha. Kiwanda kizima kiliijua maana ya vile viatu, na mambo yakaenda hivyo.

Jumanne iliyopita mhadhiri wangu alikuwa anakuja kunikagua. Msimamizi alitaka kiwanda king'ae, akawaamuru wafagiaji waondoe kila kitu kilichozagaa sakafuni, na mimi akanituma nikamngoje mgeni getini. Nikiwa natoka nilimwona Makokha anavua viatu. Alinipungia mkono, akasema, "Leo utapita, injinia."

Tulipoingia na mhadhiri, sakafu ilikuwa safi kama sahani. Msimamizi akatutangulia mbio mbio, ana hamu mgeni aione mashine ikifanya kazi. Dada, nilitazama chini ya swichi nikaona patupu. Nilipiga kelele, lakini alikuwa ameshabonyeza.

Nilichosikia sitakuandikia. Mashine ilizimwa papo hapo, ila Makokha hakufika hospitali akiwa hai. Viatu vyake nilivikuta ndani ya katoni ya takataka nyuma ya stoo. Mama mfagiaji aliyevitia humo ameanza kazi juzijuzi tu, hakuna aliyemweleza. Hali wala hanywi, ni kulia tu.

Jioni ile msimamizi aliniita, mhadhiri akiwapo. Alisema kiwanda kimeamua kwamba Makokha aliingia bila kumwambia mtu na bila kuacha alama yoyote. "Wewe umebakisha sahihi yangu tu," akaniambia. "Usijiingize katika mambo ya vibarua." Mhadhiri alikuwa anatazama saa yake.

Nilinyamaza, Dada. Nilimfikiria Mama anavyowaambia majirani kwamba bintiye ni injinia, nikameza maneno yangu. Nilijichukia.

Juzi tulikwenda Butere kuzika. Msimamizi alipewa nafasi ya kusema. Akasema marehemu alikuwa mchapakazi, ila siku hiyo alisahau utaratibu. Waombolezaji wakaguna. Mjane akainuka, macho makavu, akaja moja kwa moja nilipoketi.

"Wewe ndio ule musichana wa injinia? Alikuwanga anakutaja."

"Ndiyo, Mama."

"Basi niambie. Aritoa viatu ama hakutoa?"

Huku kuvua huitwa kutoa. Msimamizi alinikazia macho. Nikasimama.

"Alivitoa, Mama. Aliviacha chini ya swichi, mahali pake pa kila siku. Viliondolewa ili mgeni wangu akute pasafi. Hivi hapa."

Nilikuwa nimeviosha nikavitia mkobani, nikidhani nitampa pembeni. Alivipokea akavikumbatia kifuani, na hapo ndipo alipolia.

Jana askari wa getini alinizuia, akasema jina langu halimo tena. Nilikwenda posta kumpigia simu mhadhiri. Akaniambia bila sahihi hakuna alama, na bila alama hakuna kuhitimu. Nitafute kiwanda kingine nianze upya, kama kitapatikana. Sarafu ziliisha akiwa bado anazungumza. Nina hasira, Dada, na nina hofu, kwa sababu unajua ni viwanda vingapi vilivyonifungia mlango kabla ya hiki.

Nisalimie Mjomba fundi seremala, umwambie sanduku alilonichongea linahimili mvua ya huku. Nisalimie Shangazi, na mume wako, na umbusu mtukutu wako.

Nilipoanza kuandika nilitaka umfiche Mama. Sasa sitaki, nimeona kinachotokea mambo yakifichwa. Mpikie chai, mketishe, umsomee yote. Mwambie asiishone kwanza ile nguo ya mahafali. Na akikuuliza kwa nini mwanawe hakuwa injinia mwaka huu, mwambie kuna mtu alivua viatu vyake, na mimi niliviona.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura