Jina Langu kwenye Fomu ya Baba

Rumah Lansam,
Mto Lemiding,
Sarawak.
3 Aprili

Mpendwa Kaka Nyawai,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo huko Johor? Mgongo umepona? Sisi wazima, ila Bibi Mindu anakohoa na bado anagombana na kila mtu.

Baba anagombea tena, safari hii Bunge la taifa. Alikaa miaka kumi katika baraza la jimbo, mitano akiwa naibu waziri wa jimbo, kisha chama kikamfukuza kwa kupinga bwawa litakalozamisha nyumba zetu. Sasa ni mgombea binafsi, alama yake ni ufunguo. Asipoingia bungeni, hakuna mwingine atakayelipinga bwawa hilo.

Unakumbuka mwaka jana alivyokosa kiti cha jimbo kwa kura moja. Bibi alirudi kituoni akijigamba, "Nimempa mwanangu! Nimeweka alama kwenye ngao, kama siku zote!" Ngao ya chama kilekile kilichomfukuza! Tangu hapo familia zote za nyumba yetu ndefu humtania, "Bibi, umemwangusha mwanao," naye hufoka, "Si ninyi mlionifundisha?" Kweli, mimi ndiye niliyemfundisha, Baba alipokuwa bado chamani.

Sasa kila jioni napita mlango kwa mlango na karatasi za mazoezi. Jana Bibi aliweka alama kwenye ufunguo mara sita mfululizo, kisha akanitupia kalamu. "Haya, mwalimu, umeridhika?"

Kaka, naona aibu kukueleza hili. Mwaka jana mimi pia niliweka alama kwenye ngao, tena kwa kujua. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeajiriwa serikalini, na mkubwa wangu alituambia kura za kila nyumba zitajulikana. Niliogopa. Nikamwacha Bibi abebe lawama mwaka mzima.

Jumapili, tukiwa tunakula, niliwaambia. Bibi alinipiga bega. "Nachekwa peke yangu, kumbe tulikuwa wawili!"

Baba alimaliza wali wake, akanawa, akaleta fomu ya uteuzi.

"Sijapata mpendekezaji. Andika jina lako."

Nimeandika. Keshokutwa litasomwa mbele ya wilaya nzima, mkubwa wangu akisikia. Kazi ikienda, iende.

Njoo upige kura tarehe 21, usinipe visingizio. Msalimie shemeji Jawai na watoto. Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako akupendaye daima,
Lulong